Joto Lisilozimika: Nyambizi ya K-19 na Ugonjwa wa Mionzi

Injini ya dizeli haiwaki bila hewa, na kwa sababu hiyo nyambizi ya dizeli hulazimika kupanda karibu na uso wa bahari mara kwa mara. Nyambizi ya nyuklia haina haja hiyo. Ndani ya kinu chake atomi za urani-235 hupasuliwa na kutoa joto; joto hilo hubebwa na maji yaliyo chini ya shinikizo kubwa, nayo huchemsha maji ya mzunguko wa pili, ambayo mvuke wake huendesha rafadha. Marekani ilitangulia, kwa nyambizi Nautilus iliyoanza safari kwa nguvu hiyo Januari 1955. Katika urani ya asili, urani-235 haifiki asilimia 1. Katika fueli ya nyambizi za Marekani huzidi asilimia 90, na ndiyo maana fueli hiyo hudumu kwa miaka mingi.

Kinu kikiwa kizima, baharia hukingwa na kuta za risasi na maji, tena bahari yenyewe humkinga na mionzi itokayo angani. Hatari huja maji ya kupozea yanapopotea.

Ndivyo ilivyotokea tarehe 4 Julai 1961 katika Atlantiki ya Kaskazini, ndani ya K-19, nyambizi ya Kisovieti yenye watu 139. Shinikizo la maji katika kinu kimojawapo liliporomoka. Upasukaji wa atomi ulisimamishwa mara moja, lakini kinu si jiko la gesi: mabaki ya atomi zilizokwisha kupasuka huendelea kutoa joto. Mfumo wa akiba wa kupozea haukuwepo. Kwa amri ya nahodha Nikolai Zateyev, mabaharia waliingia kwa zamu fupi, bila mavazi ya kuwakinga, wakaunganisha bomba la dharura. Joto lilishuka, nyambizi ikaokoka. Wanane kati yao walifariki katika muda wa wiki tatu.

Mionzi mikali huharibu kwanza seli zinazogawanyika upesi, yaani za uboho na za utumbo. Mgonjwa aliyeanza kutapika ndani ya saa moja yaelekea amepata dozi iwezayo kuua. Baadaye kutapika hukoma, naye huonekana amepona. Hapo ndipo ndugu, na pengine hata mhudumu, hudanganyika. Uboho unakuwa umekwisha kuharibika, na baada ya siku au wiki hufuata maambukizi na kutoka damu. Kwa hiyo hesabu ya limfosaiti irudiwe mara kadhaa katika siku mbili za kwanza: kadiri zinavyopungua kwa kasi, ndivyo dozi ilivyokuwa kubwa.

Wahudumu wengi huogopa kumgusa mgonjwa wa namna hii. Aliyepigwa na miale ya gama pekee hamdhuru anayemhudumia, kama vile aliyepigwa picha ya eksirei asivyomdhuru jirani yake. Mwenye vumbi au maji yenye mionzi mwilini ndiye huhitaji tahadhari: avuliwe nguo, ambazo huondoka na sehemu kubwa ya uchafu huo, zifungwe katika mfuko, naye aoshwe kwa maji vuguvugu na sabuni bila kusuguliwa kwa nguvu. Hata hivyo, akiwa anatoka damu au hawezi kupumua, hayo yatibiwe kwanza, na kuosha kungoje.