Rekodi za Kilima cha Lubaga

Ukipanda taksi pale Nateete, Kampala, katikati ya Desemba, utamsikia utingo, mama muuza nyanya na mtangazaji wa redio wakilitamka neno moja: Ssekukkulu. Mswahili hahitaji mkalimani. Ni "siku kuu" yetu hiyo, iliyopanda bara pamoja na misafara ya pwani, ikafika Buganda na kuvishwa matamshi ya Kiganda. Tofauti ni kwamba kwetu sikukuu ni yoyote: Idi, Pasaka, Saba Saba, Jamhuri. Baganda wamelitengea neno hilo siku moja tu, Krismasi. Katika rekodi zote nitakazozitaja hapa, hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwamba neno la kawaida la Kiswahili limesafiri hadi ng'ambo ya ziwa na huko likapewa kiti cha mbele.

Lubaga ni jina la kilima, na pia ni jina la moja kati ya tarafa tano za jiji la Kampala. Mapadri wa kwanza waliandika Rubaga, na kanisa kuu linaitwa hivyo hadi leo. Ndani ya tarafa hiyo moja kuna kilima cha Wakatoliki, kilima cha Waanglikana cha Namirembe, ikulu ya Mengo ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, na makaburi ya wafalme ya Kasubi. Sidhani kama kuna eneo jingine Afrika Mashariki lenye tarehe nyingi hivi za kukumbukwa katika ardhi ndogo hivi.

Kwa ukongwe, nafasi ya kwanza ni ya mfungo wa Ramadhani. Kabla Lubaga haijaona msalaba, Kabaka Mutesa wa Kwanza alikuwa ameanza kufunga mwaka 1867, akaendelea kwa takriban miaka kumi, na akaamuru raia wake wafunge naye. Uislamu uliletwa na wafanyabiashara wa pwani. Wa kwanza wao kukumbukwa kwa jina, Ahmed bin Ibrahim, alifika mwaka 1844 enzi za Suuna, baba yake Mutesa. Henry Morton Stanley alipomtembelea Mutesa mwaka 1875, mji mkuu mpya ulikuwa hapa hapa Lubaga. Mwaka uliofuata Mutesa aliwageukia vijana wa Kiislamu waliokataa nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu, akaamuru wauawe. Kwa hiyo watu wa kwanza kuifia dini iliyoletwa kutoka nje katika Buganda walikuwa Waislamu, jambo linalostahili kutajwa kwa sauti kubwa zaidi kila Idi inapofika.

Rekodi inayofuata ilinifanya nirudie hesabu mara tatu. Dunia nzima inaijua tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda, kwa sababu tarehe hiyo mwaka 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo, upande wa pili wa Kampala. Leo ndiyo sikukuu yenye umati mkubwa kuliko zote nchini. Watu hutembea kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, na wale wa kusini na magharibi huingia mjini kwa Barabara ya Masaka, kupitia Busega na Nateete, wakiwa wamebeba magodoro mgongoni na rozari mkononi. Lakini habari ya mashahidi hao 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, haikuanzia Namugongo, wala haikuishia huko. Wa kwanza kuuawa walikuwa vijana watatu wa misheni ya Waanglikana: Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama. Waliuawa Busega tarehe 31 Januari 1885. Wa mwisho alikuwa Yohana Maria Muzeeyi, aliyeuawa Mengo tarehe 27 Januari 1887. Busega na Mengo zote ziko tarafa ya Lubaga. Ni miaka miwili kasoro siku nne, na mlango wa kuingilia na wa kutokea uko katika tarafa moja. Mahujaji wengi wanaopita Busega huku wakihesabu kilomita zilizobaki hadi Namugongo hawajui kwamba tayari wanakanyaga ardhi ya mashahidi wa kwanza.

Aliyetoa amri hizo ni Mwanga wa Pili, mwana wa Mutesa, aliyekalia kiti mwezi Oktoba 1884 akiwa na umri wa miaka kama kumi na sita. Nikiulizwa ni nani aliyeipa kalenda ya Uganda tarehe nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, jibu langu ni Mwanga. Kwa amri zake tuna 3 Juni. Ni yeye aliyerudishwa kitini kwa msaada wa Wakristo mwaka 1889 na kuwapa mapadri wa Kikatoliki kilima cha Lubaga. Ni yeye aliyechimbisha ziwa la Kabaka linaloonekana chini ya Mengo hadi leo. Mwishowe alibatizwa Danieli, akafia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903, na mwaka 1910 masalia yake yakarudishwa kuzikwa Kasubi, karibu na baba yake. Mtesi, mtoa zawadi, mwongofu, mhamishwa: yote hayo katika maisha ya miaka thelathini na mitano hivi.

Na kuna jambo moja zaidi ambalo Baganda humhesabia. Husimuliwa kwamba mpishi wake aliyeitwa Kawuuta, mwaka 1887, ndiye aliyebuni luwombo, na luwombo ndicho chakula chenye heshima kubwa kuliko vyote katika meza ya sikukuu ya Kiganda. Jani la mgomba, changa na lisilo na tundu, hupitishwa juu ya moto hadi lilainike na kutoa harufu ya moshi. Uti wake wa katikati hupunguzwa ili jani likunjike bila kupasuka. Ndani yake huwekwa kuku, au nyama ya ng'ombe, au uyoga na mchuzi wa karanga, kisha jani hukusanywa juu kama mfuko na kufungwa kwa kamba ya mgomba wenyewe. Mfuko huo huiva kwa mvuke juu ya matoke, taratibu, kwa saa kadhaa, na kila mgeni hupewa wake akaufungue mwenyewe. Hakuna kupakua wala kula chombo kimoja. Jani lako ni lako. Anayelifungua huinama kidogo, mvuke unampiga usoni, na kwa sekunde chache meza nzima hunyamaza. Kama mapokeo hayo ni sahihi, basi chakula hicho kilibuniwa katika ikulu ile ile, mwaka ule ule alipouawa Muzeeyi. Sijui familia ya Kikristo ya Lubaga isiyotaka luwombo siku ya Krismasi.

Tarehe yenye bahati kubwa kuliko zote kilimani hapa ni 31 Julai. Mwaka 1969, siku hiyo, Papa Paulo wa Sita aliadhimisha misa katika kanisa kuu la Rubaga kufunga mkutano wa maaskofu wa Afrika. Alikuwa papa wa kwanza wa enzi yetu kukanyaga bara hili akiwa madarakani. Miaka 24 baadaye, siku hiyo hiyo, Ronald Muwenda Mutebi wa Pili alitawazwa Kabaka pale Naggalabi, Buddo. Sasa kila Julai inapokwisha, Buganda husherehekea kutawazwa huko, na Mkatoliki wa Lubaga anayejua historia yake ana sababu mbili za kuvaa vizuri. Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja Uganda mwaka 1993, miezi michache kabla ya Kabaka kutawazwa. Papa Fransisko alikuja mwaka 2015, na tarehe 28 Novemba aliitembelea nyumba ya wazee na wasiojiweza ya Nalukolongo, iliyo ndani ya tarafa hii, kisha akakutana na mapadri na watawa katika kanisa kuu.

Kutawazwa kwa mwaka 1993 kuna rekodi yake nyingine, ya kungojewa kwa muda mrefu. Kabaka wa kabla yake, Mutesa wa Pili, alitawazwa tarehe 19 Novemba 1942. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi lilivamia ikulu ya Mengo, Kabaka akatoroka, akafia London mwaka 1969. Falme zilifutwa mwaka 1967. Kwa hiyo aliyeshuhudia sherehe ya 1942 akiwa na miaka kumi alikuwa na sitini na zaidi aliposikia tena ngoma za kutawaza. Nadhani ndiyo maana watu wazima wa Mengo hawaioni sherehe hii kama tamasha la watalii. Wanajua inaweza kuondolewa.

Siku hizo za Kabaka, barabara ya Kabakanjagala, iliyonyooka kutoka Bulange, jengo la bunge la Buganda, hadi lango la ikulu, hujaa kanzu nyeupe na koti juu, na busuuti zenye mabega yaliyochongoka. Kanzu Mswahili anaijua. Busuuti wengine huiita gomesi, kwa jina la fundi cherehani Mgoa anayesemekana kuishona mwanzoni mwa karne iliyopita kwa wasichana wa shule ya Gayaza. Katikati ya barabara hiyo kuna mzunguko wenye lango, na lango hilo hufunguliwa kwa ajili ya mtu mmoja tu. Sisi wengine wote tunazunguka. Kabaka hapindi kona. Mwezi Aprili, alipozaliwa Kabaka Mutebi tarehe 13 mwaka 1955, maelfu hukimbia mbio za kuadhimisha kuzaliwa kwake, na hizo huanzia ndani ya viwanja vya ikulu. Kwa Kiganda karamu ya harusi ni embaga, na embaga kubwa kuliko zote katika kumbukumbu ya watu wa hapa ni ya tarehe 27 Agosti 1999, Kabaka Mutebi alipofunga ndoa na Sylvia Nagginda katika kanisa kuu la Namirembe.

Majirani wa karibu kabisa katika kalenda ni tarehe 8 na 9 Oktoba: Buganda huadhimisha uhuru wake tarehe 8 kwa kazi ya pamoja iitwayo bulungi bwansi, kufagia njia na kuzibua mitaro, na Uganda nzima hupumzika kesho yake kwa uhuru wa nchi.

Sikukuu changa kuliko zote katika orodha ya serikali ni ya 16 Februari, Siku ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Alikuwa mkuu wa Kanisa la Uganda, na makao yake yalikuwa Namirembe. Usiku wa kuamkia 5 Februari 1977 askari wa Idi Amin waliivamia nyumba yake hapo kilimani. Tarehe 16 aliuawa, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Kaburi lake lilichimbwa Namirembe, kando ya kaburi la Hannington, askofu Mwanglikana wa enzi za Mwanga, lakini mwili haukuletwa; ulipelekwa Mucwini, kwao kaskazini. Waumini walikusanyika hivyo hivyo, maelfu, wakaimba mbele ya shimo tupu. Nimesoma habari za mazishi mengi, na sijui jingine lenye ushujaa wa namna hii.

Pasaka iliyobeba huzuni kubwa kuliko zote katika kumbukumbu ya karibuni ni ya mwaka 2021. Ijumaa Kuu, tarehe 2 Aprili, Askofu Mkuu Cyprian Kizito Lwanga alitembea Njia ya Msalaba pamoja na viongozi wa makanisa mengine. Jumamosi Kuu asubuhi alikutwa amefariki chumbani mwake Lubaga. Wakatoliki wa Kampala waliimba aleluya ya Pasaka mchungaji wao akiwa bado hajazikwa. Alilazwa ndani ya kanisa kuu tarehe 8 Aprili, mahali anapopumzika pia Joseph Kiwanuka, aliyewekwa wakfu mwaka 1939 kuwa askofu Mkatoliki wa kwanza Mwafrika mweusi wa nyakati zetu kuongoza jimbo.

Kati ya majengo, rekodi ya uvumilivu ni ya Kasubi. Nyumba kuu ya makaburi, iliyojengwa mwaka 1882 kama ikulu ya Mutesa, ina pete 52 za nyasi darini, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Iliteketea usiku wa 16 Machi 2010, ikajengwa upya, na UNESCO iliitoa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Namirembe nayo iliwahi kupoteza kanisa kwa upepo mwaka 1894, na jingine kwa radi mwaka 1910. Lililopo sasa lilikamilika mwaka 1919. Hapa radi si jambo la hadithi. Hata ikulu ya Kabaka iliyokuwa juu ya Lubaga iliungua kwa radi kabla makao hayajahamia Mengo.

Desemba 24 foleni ndefu ya magari huziba Busega, njia ya Masaka na ya Mityana zinapoachana, kwa kuwa nusu ya jiji inarudi kijijini na kuku hai miguuni na mkate kwenye mapaja. Nauli hupanda na watu hulipa. Wanaobaki wana tarehe 31 yao. Kanisa kuu la Rubaga, lililojengwa tangu 1914, lilitabarukiwa tarehe 31 Desemba 1925, hivyo mkesha wa mwaka ni siku yake ya kuzaliwa, na mwaka 2025 ilitimia karne. Ng'ambo ya bonde, ndani ya ikulu ya Mengo, redio ya CBS huandaa Enkuuka, usiku wenye kelele kuliko usiku wowote wa tarafa hii: muziki tangu jioni, umati usio na pa kuweka mguu, na fataki saa sita. Ukisimama kwenye ngazi za kanisa unazisikia kengele na unaziona fataki kwa pamoja. Mwezi mmoja kamili baadaye ni 31 Januari, siku ya Kakumba, Serwanga na Lugalama, na pale Busega magari yamepungua.