Mizinga tunayo, ujuzi bado

Kwa miaka mingi serikali imekuwa ikikadiria kwamba Tanzania inaweza kutoa tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta kwa mwaka. Asali inayorinwa ni takriban tani 30,000 tu. Kila pengo hilo linapotajwa, jibu la haraka huwa mizinga: halmashauri inanunua, mfadhili anagawa, picha zinapigwa. Mingi hubaki mitupu.

Nyuki wetu ni wahamaji, hufuata maua na maji. Hawaingii mzingani kwa sababu ni mpya. Mzinga unataka kupakwa nta ndani, kutundikwa kivulini kabla ya msimu wa makundi kuhama, tena kwa waya ili nyegere asiufikie. Hata seremala anahitaji darasa. Kiunzi cha juu, kinachoshika sega, kwa nyuki wa Afrika kina upana wa milimita 32. Akikikata kipana zaidi, nyuki hujenga masega yanayounganisha viunzi, na mfugaji hawezi tena kutoa sega moja bila kuvunja la pili. Mzinga wa kisasa unakuwa umepoteza faida yake yote.

Tabora inaeleza vizuri kinachohitajika. Wafugaji wa Sikonge na Urambo wanawajua nyuki tangu enzi za mababu, na mzinga wao wa magome hauwagharimu fedha. Unaugharimu msitu. Mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina hufa, na miti kama mtundu na muba inayobanduliwa ndiyo ile ile inayowapa nyuki maua. Kilimo cha tumbaku nacho kinachukua kuni za kukaushia majani. Mfugaji anayeachana na magome analinda mtaji wake mwenyewe, na hilo anastahili kuelezwa kwa hesabu ya mavuno yake. Mkoa una chuo cha ufugaji nyuki, lakini mrina asali wa porini hana nafasi ya kukaa darasani mwaka mzima. Mwalimu ndiye wa kumfuata manzukini.

Somo lenye fedha nyingi kuliko yote ni kurina. Mwenge wa nyasi huua nyuki, huacha harufu ya moshi kwenye asali na mara nyingine huchoma msitu. Bomba la moshi na mavazi ya kinga humpa mrinaji utulivu wa kuchagua: achukue masega ambayo angalau robo tatu yake yamezibwa kwa nta, aache yenye majana, abakize chakula cha kundi. Asali isiyoiva ina maji mengi. Kiwango cha kimataifa kwa asali ya kawaida ni maji yasiyozidi asilimia 20. Yakizidi hapo, asali huchacha ndoo zikiwa stoo au njiani. Kipimo cha maji kinahitaji tone moja tu, na kimoja kinaweza kutumiwa na kikundi kizima. Mfugaji aliyepima asali yake kabla dalali hajafika hapokei tena bei ya kukisia kwa debe.

Nta ndiyo inayoniuma zaidi. Kilo yake huuzwa bei ya juu kuliko kilo ya asali, haiozi, na kuisafisha kunataka sufuria, maji ya moto na kitambaa safi. Bado machicha yenye nta hutupwa porini baada ya kukamua.

Mizinga inayotundikwa chini imewafungulia kazi hii wanawake wengi ambao hapo awali kukwea miti kuliwazuia. Nao wanahitaji kufuatiliwa msimu hadi msimu. Semina ya siku moja haiwatoshi.

Halmashauri zinazoandaa bajeti zipunguze idadi ya mizinga ya kugawa, na fedha hizo ziajiri maofisa nyuki wenye pikipiki na mafuta, watakaokuwa na wafugaji siku ya kutundika na siku ya kurina.