Kinanda cha Fundi Simu

Msomaji wa Morogoro ametutumia swali baada ya kutazama video. Mwanamume mwenye koti jeupe anaibuka taratibu kutoka chini ya jukwaa, ameketi mbele ya kinanda kilichopinda kama ukwato wa farasi. Anakipiga, ukumbi unatetemeka, lakini kinanda chenyewe hakina filimbi hata moja wala spika. Msomaji anataka kujua sauti inatoka wapi, na kidole kinaifikiaje huko iliko.

La kwanza halina kazi. Anachokiona ni meza ya kupigia tu. Filimbi zimefichwa vyumbani pembeni mwa jukwaa, nyuma ya vibao vya mbao vinavyofunguka na kufungika ili kukuza au kupunguza sauti. Kubwa zina urefu wa karibu meta 5, ndogo ni kama penseli. Humo mna pia ngoma halisi, kengele, zailofoni na hata kifaa cha kuiga mwendo wa farasi, maana vinanda hivi viliundwa ili kusindikiza filamu zisizo na sauti. Mwishoni mwa miaka ya 1920 filamu zikaanza kusema na kazi ya vinanda hivyo ikaisha. Historia hiyo imesimuliwa mno, naiacha.

La pili ndilo tamu.

Kwa karne nyingi kidole cha mpigaji kiliunganishwa na filimbi kwa fito nyembamba za mbao. Ukibonyeza, ufito unavuta vali iliyoshikwa na upepo, filimbi inalia. Filimbi zikiwa mbali au nyingi, ufito unakuwa mzito, na mpigaji anatoka jasho kama anayetwanga. Katika miaka ya 1880, Robert Hope-Jones alikuwa fundi mkuu wa umeme wa kampuni ya simu kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na jioni alikuwa mtu wa kwaya katika kanisa la St John's, Birkenhead. Kazini kwake sauti zilisafiri maili kadhaa ndani ya waya. Kanisani watu walikuwa bado wanavuta mbao. Akaleta waya kanisani. Ilifika hatua meza ya kupigia ikatolewa nje, uani kwenye makaburi, ikapigiwa huko huku filimbi zikilia ndani.

Lakini umeme wa simu ni dhaifu, hauwezi kufungua vali nzito. Hapa ndipo penye uhondo, naomba tusiende mbio.

Chini ya filimbi kuna sanduku lililojaa upepo, unaosukumwa muda wote na feni kubwa la umeme. Kinanda cha kanisa kwa kawaida hutumia upepo wenye nguvu ya kuinua maji sentimita 7 au 8 ndani ya mrija. Cha sinema huyainua sentimita 25 na zaidi. Yaani kila sentimita ya mraba ndani ya sanduku hilo inabanwa kwa uzito wa gramu 25. Sasa weka humo kijifuko chembamba cha ngozi, kilichounganishwa na vali. Nacho kimejaa upepo uleule. Ndani na nje nguvu ni sawa, kwa hiyo kimetulia, hakifanyi lolote.

Mpigaji anabonyeza. Umeme wa volti kama 12 unafika kwenye sumakuumeme ndogo, nayo inavuta kisahani cha chuma kwa umbali usiozidi unene wa kadi. Kitundu kinafunguka na upepo uliokuwa ndani ya kijifuko unatoroka. Papo hapo upepo wa sanduku, ambao umekosa mpinzani, unakikandamiza. Kinanywea, kinavuta vali, filimbi inalia. Kijifuko chenye uso wa sentimita za mraba 10 kimepata nguvu ya robo kilo, na kidole hakikutoa hata tone la nguvu hiyo. (Vijifuko hasa ni viwili, kidogo kinachokiamsha kikubwa, lakini tuvihesabu kimoja.)

Nilitaka kukipa jina. Kibofu kilinijia kwanza, lakini kibofu hufanya kazi kwa kujaa, na hiki kazi yake yote ni kunywea. Nikajaribu kinyweo, kisha nikakumbuka kwamba hicho ni chombo cha kunywea maji. Basi kibaki kijifuko.

Fikiria daladala. Abiria wa kiti cha nyuma, bibi mwenye sauti ya chini, anasema, "Shusha hapo, baba." Konda anagonga bodi mara mbili kwa kiganja. Dereva anaweka mguu kwenye breki, na gari lenye watu thelathini, na wengine wawili mlangoni, linasimama. Bibi hakulisimamisha, kiganja cha konda hakikulisimamisha, na hata mguu wa dereva peke yake usingeweza. Nguvu ilikuwamo garini tangu asubuhi, ikingoja ruhusa. Kidole cha mpigaji ni bibi. Sumakuumeme ni konda. Kijifuko ni dereva, na feni la upepo ni injini inayonguruma tangu stendi. Ndiyo maana umbali hauna tabu: bibi akae nyuma kabisa au karibu na mlango, bodi inagongwa vilevile. Hata ubovu wake unaeleweka hivyo. Vumbi likinasa chini ya kisahani, ni konda anayegonga bila kuambiwa: filimbi inalia yenyewe katikati ya wimbo wa huzuni na mpigaji anabaki kutabasamu. Ngozi ya kijifuko ikipasuka, konda anagonga mpaka kiganja kinauma, dereva hasikii, filimbi iko kimya.

Na kidole kikishageuka kuwa waya, waya huo unaweza kupelekwa popote. Hope-Jones aliona kwamba safu moja ya filimbi inaweza kuitwa na vitufe tofauti: kwa sauti nzito, ya kawaida, nyembamba na nyembamba zaidi. Kinanda chenye vitufe 61 kingehitaji safu nne, filimbi 244. Yeye aliongeza filimbi 36 tu kwenye safu moja, zikawa 97, na kazi ikafanyika. Wapigaji wa makanisani walikuwa na malalamiko yao kuhusu jambo hilo. Tuendelee.

Mwaka 1903 alihamia Marekani, biashara ikamshinda, na mwaka 1910 kampuni ya Wurlitzer ikachukua hataza zake. Kiwanda chake cha North Tonawanda, jimbo la New York, kilikuja kutengeneza zaidi ya vinanda 2,000 kwa mfumo huo. Hope-Jones mwenyewe hakuviona vingi. Alijiua mwaka 1914, mjini Rochester, jimbo hilohilo.

Mji huohuo ndio wenye chama cha wapenzi wa vinanda hivi kinachonivutia kuliko vyote. Jumba la sinema la RKO Palace lilifunguliwa Rochester siku ya Krismasi mwaka 1928, likiwa na Wurlitzer ya ngazi nne za vitufe. Miaka ya 1960 jumba likahukumiwa kubomolewa. Wapenzi wa kinanda wakaunda chama, Rochester Theater Organ Society, wakakifungua kinanda kipande kwa kipande na kukijenga upya katika ukumbi wa Auditorium Theatre, ambako maonyesho yakaendelea. Palace ilibomolewa mwaka 1965.

Watu hudhani kazi ya vyama vya namna hii ni kung'arisha filimbi. Filimbi za bati na risasi hazina haraka ya kufa. Kinachokufa ni ngozi. Hewa ya mijini ilijaa moshi wa makaa ya mawe wenye salfa, na salfa ikikutana na unyevu huwa tindikali, ambayo hula ngozi mpaka inasagika kama jani kavu. Ngozi njema hudumu miongo kadhaa, basi. Kwa hiyo wenye kujitolea hukaa mezani na vijifuko kwa mamia, wanabandua ngozi ya zamani, wanakata mpya ya kondoo iliyo laini na isiyopitisha hewa, wanaibandika kwa gundi ya moto inayotokana na ngozi za wanyama. Gundi hiyo huachia ukiipasha joto na maji, na wanaichagua kwa sababu hiyohiyo: atakayekuja kubadilisha ngozi baadaye asilazimike kuvunja mbao.

Kitu kimoja wengi wamekibadilisha bila majuto. Rilei za zamani, yaani makabati yaliyojaa waya na vikutanishi vya fedha yaliyoelekeza umeme kutoka vitufe hadi filimbi, katika vinanda vingi zimeng'olewa na kazi yao kupewa kompyuta ndogo. Kompyuta hiyo hukumbuka kila kitufe kilichobonyezwa na inaweza kurudia onyesho zima bila mpigaji, kwa upepo uleule na vijifuko vilevile. Mafundi wanaipenda kwa jambo jingine: siku ya ukaguzi, mtu mmoja anaiamuru ipige noti zote moja baada ya nyingine, kisha anapanda ngazi kuingia chumba cha filimbi akiwa na daftari, na kuandika zilizonyamaza.