Daftari la Mama na Kodi ya Mapato

Jumamosi moja baada ya mazoezi ya kwaya, binti mmoja wa kanisa letu hapa Bariadi alitujia na ombi ambalo hatukulizoea. Alikuwa akijiandaa kwa mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA, na somo la kodi lilikuwa likimsumbua. Viwango alivikariri, lakini kila akipewa swali alijichanganya. Akatuomba sisi akina mama tumpe hesabu zetu za kweli azifanyie mazoezi: wenye ajira walete karatasi za mshahara, wenye biashara walete madaftari ya mauzo.

Karatasi za mshahara zilipatikana. Daftari halikupatikana hata moja.

MAKATO YA MSHAHARA

Tulianza na mshahara, maana sisi wauguzi na walimu tumezoea kuyatazama makato kama tunavyoitazama mvua, yanakuja tu. Tukachukua mfano wa mtumishi wa serikali mwenye mshahara wa shilingi 600,000. Binti akaupigia kodi moja kwa moja. Hapo ndipo kosa lake lilipokuwa. Mchango wa mfuko wa pensheni hutolewa kwanza. Asilimia 5 ya PSSSF ni shilingi 30,000, hivyo kinachotozwa kodi ni 570,000.

Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani shilingi 20,000. Kipande kinachofuata, hadi 760,000, hutozwa asilimia 20. Kwa mtumishi wetu ni 50,000 zilizobaki, kodi yake 10,000. Jumla ni shilingi 30,000. Kutoka 760,000 hadi milioni moja ni asilimia 25, na juu ya hapo ni 30.

Mama mmoja mwalimu akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba ukipandishwa cheo na kuvuka milioni moja, mshahara wote hukatwa asilimia 30. Amekuwa akiamini hivyo kwa miaka mingi, na hata alimshauri mumewe asihangaike na barua ya kupandishwa daraja! La hasha. Mwenye 1,000,000 ya kutozwa hulipa 128,000. Akifikia 1,010,000 hulipa 131,000. Ni zile 10,000 za juu tu zilizoguswa na asilimia 30. Mama yule alicheka, lakini tulimwona akijifuta macho.

TULIPOKUWA WATOTO

Kwa nini tunaogopa hata kuuliza? Wengi wetu tulilelewa katika siku za kodi ya maendeleo, ambayo watu waliendelea kuiita kodi ya kichwa. Wakati huo Bariadi ilikuwa bado sehemu ya Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa 2012. Tuliwaona baba zetu wakikimbilia mashambani mgambo walipoonekana njiani. Kodi ile haikuuliza umepata kiasi gani. Ilimtaka kila mtu alipe. Ilifutwa 2003, lakini hofu haikufutwa pamoja nayo. Mpaka leo mama mwenye kiduka akisikia neno kodi hufunga mlango kwanza, kisha huuliza.

MFANYABIASHARA ASIYE NA DAFTARI

Sasa tuje kwa mama wa mchele. Huyu ana kibanda karibu na stendi, huuza mchele, dagaa na mafuta ya kula.

“Mayu, kwa siku unauza kiasi gani?” binti alimwuliza.

“Sijui, mwanangu. Nikipata ya mboga na ya mzigo wa kesho, namshukuru Mungu.”

Tukakaa naye tukahesabu magunia na madumu. Ikaonekana huuza kama shilingi 14,000 kwa siku. Kwa siku 300 za mwaka ni shilingi 4,200,000. Hayo ni mauzo, si faida. Faida yake haizidi 2,000 kwa siku. Lakini kodi ya mfanyabiashara mdogo huangalia mauzo.

Kwa viwango vilivyoanza Julai 2019, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Ni hao waliolengwa na vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000 vilivyoanza kutolewa Desemba 2018. Kati ya milioni 4 na milioni 7, asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4 tu.

Binti akapiga hesabu mara mbili, akidhani amekosea. Mama wa mchele amezidisha 200,000. Asilimia 3 yake ni shilingi 6,000. Kwa daftari, 6,000. Bila daftari, 100,000, yaani faida yake ya siku 50. Kibanda ni kile kile, mchele ni ule ule.

Anayeuza milioni 8 tofauti yake ni kubwa zaidi: bila kumbukumbu ni 250,000, akiwa nazo ni 90,000 na asilimia 3 ya ile milioni iliyozidi 7, jumla 120,000.

Huku kwetu kuna jambo jingine. Pesa ya pamba ikiingia, kila mtu hununua, na kiduka huonekana kama ghala la tajiri. Miezi ya njaa wateja hukopa chumvi. Mama asiyeandika atathibitishaje kwamba mwaka wake wote haukuwa kama mwezi wa pamba? Yohana Mbatizaji aliwaonya watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoagizwa. Nasi yatupasa tuweze kuonyesha kile tunachodaiwa kwa haki.

Namba ya mlipakodi hutolewa bure, kwa hiyo usimpe mtu wa njiani “pesa ya fomu.” Kodi iliyokadiriwa hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Ziweke sandukuni, mbali na panya na watoto wanaotafuta karatasi za kuchorea. Viwango Bunge huweza kuvibadilisha kila Juni katika Sheria ya Fedha, hivyo kila Julai pita ofisi ya TRA uulize.

Binti anaingia kwenye chumba cha mtihani Novemba. Mama wa mchele amenunua kaunta buku. Jumapili alituonyesha ukurasa wa kwanza: siku nne zimejazwa, ya tano iko wazi. Alikuwa msibani. Tukamwambia aandike sifuri, na pembeni aandike “msiba.”