Uhamisho kutoka chuo cha jamii (California)

Uhamisho kutoka chuo cha jamii ni utaratibu wa elimu ya juu nchini Marekani ambao mwanafunzi husoma takriban miaka miwili katika chuo cha jamii, kisha huhamia chuo kikuu kumalizia shahada ya kwanza. Katika jimbo la California uliwekewa msingi na Mpango Mkuu wa Elimu ya Juu wa mwaka 1960.

Kupanga masomo ya fani mbili

Ili kuingia mwaka wa tatu wa Chuo Kikuu cha California, mwanafunzi anahitaji krediti 60 za muhula. Krediti za chuo cha jamii zinazohesabiwa katika shahada hazizidi 70. Masomo ya ziada hutimiza masharti ya fani tu.

Kwa hiyo anayelenga fani mbili, kwa mfano fizikia na sayansi ya kompyuta, hulinganisha masharti ya kila kampasi katika tovuti ya ASSIST. Huanza na masomo yanayohitajika katika fani zote mbili, hasa kalkulasi, kwa kuwa hufuatana muhula hadi muhula: akichelewa la kwanza, mengine yote huchelewa. Katika fani zenye ushindani, mwombaji aliyekosa somo la lazima anaweza kukataliwa hata akiwa na alama nzuri.