Msiba Usio na Matanga

Mtu akifiwa, majirani hukusanyika, turubai hufungwa, na hakuna anayemuuliza kwa nini analia. Kijana aliyeachwa na mchumba wa miaka minne hapati lolote kati ya hayo. Jumatatu yuko kazini kama kawaida, na akionekana mnyonge huambiwa wapo wengine wengi. Mwaka 1989 Mmarekani Kenneth Doka aliandika kuhusu huzuni za namna hii, ambazo jamii haizihesabu kuwa msiba. Anayezibeba huumia, kisha huona aibu kwamba anaumia. Katika ushauri nasaha, naona aibu hiyo ndiyo inayowachelewesha wengi kupona.

Maumivu yenyewe si ya kujitakia. Mwaka 2010 Helen Fisher na wenzake walichapisha utafiti wa watu 15 walioachwa karibuni huku bado wanapenda. Walionyeshwa picha za wale waliowaacha, ubongo wao ukipimwa kwa mashine ya MRI. Miongoni mwa sehemu zilizoamka ni zile za hamu na matarajio, zinazohusishwa pia na uraibu wa kokeni. Kwa hiyo akili inaweza kujua kabisa kwamba mapenzi yamekwisha, na hamu bado ikadai haki yake. Jambo jingine la utafiti huo napenda kuwasomea wanaokata tamaa: kadiri siku zilivyopita tangu mtu aachwe, ndivyo sehemu mojawapo inayohusika na kuambatana na mwenza ilivyotulia.

Hamu hiyo ndiyo inayomwamsha mtu saa nane za usiku aangalie kama fulani yuko hewani, ameweka picha gani, yuko na nani. Tara Marshall, katika utafiti wake wa mwaka 2012 kuhusu Facebook, alikuta waliochungulia zaidi kurasa za wapenzi wao wa zamani ndio waliokuwa na dhiki zaidi. Hilo halithibitishi kipi kilisababisha kipi. Hata hivyo ningekushauri uifute namba, na picha umpe dada au rafiki akutunzie. Usijilazimishe kusahau, wazo linalokatazwa hurudi kwa nguvu. Mtafute mtu mmoja atakayekusikiliza bila kukuharakisha, umsimulie hata mara ya kumi.

Nanyi mnaomzunguka aliyeachwa, mwacheni alie. Wiki zikipita halali wala hali, mpelekeni kwa mtaalamu. Akitamka kwamba anataka kufa, msimwache peke yake hata kidogo. Afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.