Msamiati wa Biashara kama Muundo wa Programu: Uprogramishaji wa Kifanksheni na Lugha ya Vyama vya Akiba na Mikopo

Katika chama cha ushirika wa akiba na mikopo, neno "mkopo" hutaja mambo kadhaa ambayo afisa mikopo hayachanganyi. Kuna mkopo ulioombwa, ulioidhinishwa, uliotolewa, uliolipwa wote, na ule chechefu ambao marejesho yake yamekwama. Afisa anajua kwamba ulioombwa hauna tarehe ya marejesho, na kwamba ulioidhinishwa bado haujamfikia mwanachama. Programu iliyoundwa kwa njia iliyozoeleka haijui. Ndani yake mkopo ni mstari mmoja katika jedwali, wenye nafasi nyingi ambazo baadhi huachwa tupu, na kisanduku kimoja kinachoitwa "hali". Hakuna kinachouzuia mstari huo kusema kwamba mkopo ungali ombi huku ukibeba tarehe ya kutolewa fedha. Kosa la namna hiyo halionekani siku linapoingia. Huonekana wakati wa ukaguzi wa hesabu, pale mwanachama anapodaiwa fedha ambazo hakuzipokea.

Makala haya yanafafanua njia moja ya kuliepuka kosa hilo, yaani kuunda kielelezo cha shughuli za biashara kwa uprogramishaji wa kifanksheni, na yanashikilia kwamba njia hiyo ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la kompyuta.

Fanksheni ni kanuni inayopokea kitu na kutoa kingine bila kukibadili kile ilichopewa. Wazo hili si geni: lugha ya Lisp ya John McCarthy ilianza mwaka 1958, na ML ya Robin Milner na wenzake wa Edinburgh ilizaliwa katika miaka ya 1970. Mwaka 2000 Simon Peyton Jones, Jean-Marc Eber na Julian Seward walionyesha kwamba mikataba ya fedha, hata ile tata, inaweza kujengwa kwa kuunganisha vijenzi vichache tu. Miaka mitatu baadaye Eric Evans alisisitiza, kwa hoja iliyotoka upande mwingine kabisa, kwamba wataalamu wa biashara na waundaji programu wawe na lugha moja, na lugha hiyo itumike katika mazungumzo, katika nyaraka na ndani ya programu yenyewe. Scott Wlaschin aliziunganisha hoja hizo mbili katika kitabu chake cha mwaka 2018, akitumia lugha ya F#.

Kiini cha mbinu hiyo ni viunganishi viwili vya kawaida, "na" na "au". Ombi la mkopo ni mwanachama na kiasi na wadhamini. Mkopo wenyewe ni ombi, au mkopo ulioidhinishwa, au uliotolewa, au uliolipwa, na kila mmojawapo hubeba taarifa zake pekee. Tarehe ya kutolewa fedha haina mahali pa kukaa ndani ya ombi. Anayejaribu kuiweka hukataliwa na kompaila kabla programu haijaanza kutumika. Yaron Minsky, aliyeitumia OCaml katika biashara ya fedha, aliliweka hili kama sharti: hali isiyoruhusiwa isiandikike. Kitendo cha kuidhinisha nacho huwa fanksheni: hupokea ombi lililokaguliwa na kutoa ama mkopo ulioidhinishwa ama sababu ya kukataa. Kukataliwa ni jibu halali lenye jina lake, kama lilivyo katika kikao cha kamati ya mikopo.

Hapa sarufi ya Kiswahili ina mchango wake. Kirejeshi huingia ndani ya kitenzi pamoja na njeo, kauli na ukanushi, hivi kwamba "unaolipwa", "uliolipwa" na "usiolipwa" ni majina matatu ya aina tatu kutoka mzizi mmoja. Mnyambuliko nao hubainisha pande za muamala: anayekopa si anayekopesha. Ilinganishwe na "azima", ambalo kwa wasemaji wengi hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea pia. Neno la namna hiyo halifai kuwa jina la fanksheni.

Ugumu upo penye nomino. "Mdhamini" ni mtu anayeweka akiba yake rehani kwa ajili ya mkopo wa mwenzake. Ni kampuni inayogharimia mashindano ya mpira. Tena ni mjumbe wa bodi inayoshikilia mali kwa niaba ya wengine. Kamusi huzikusanya maana hizo chini ya kidahizo kimoja, na ndivyo ipasavyo. Programu inayofanya vivyo hivyo itampa mfadhili wa mashindano wajibu wa kulipa deni la mtu. Evans alipendekeza miktadha yenye mipaka, ambapo neno huwa na maana moja tu ndani ya kila mpaka. Orodha za istilahi zinazotafsiriwa kutoka Kiingereza neno kwa neno hazioneshi mipaka hiyo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila mfumo wa kanda uandikwe kwa Kiswahili. Nchini Rwanda, ambako Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, vyama vya Umurenge SACCO viliundwa kimoja kwa kila sekta kati ya sekta 416, na wanachama wake husema "inguzanyo", si "mkopo". Kwao jina la Kiswahili ndani ya programu lingekuwa geni sawa na la Kiingereza. Kiswahili kinafaa pale ambapo ndicho kinachosemwa dirishani, na pale mifumo ya nchi mbili inapobadilishana taarifa.

Aina pia hazithibitishi ukweli wa tukio. Karani akiandika kwamba kamati imekaa ilhali haikukaa, kompaila haitajua. Wala mkopo hauwi chechefu kwa sababu mtu amebonyeza kitufe, bali kwa kupita kwa siku, kwa hiyo ni lazima pawe na fanksheni inayopokea mkopo na tarehe ya leo. Kwa anayeshauri kuhusu ununuzi wa mifumo, hatua ya kwanza haihitaji ujuzi wa kompyuta: aombe orodha ya aina na fanksheni kabla ya malipo ya awali, amsomee afisa mikopo kwa sauti, na aweke alama kila mahali anaposita.